Mawe Mazito: Jinsi Bati na Wolframu Vilivyozaliwa katika Miamba ya Mashariki ya Kongo

Katika nchi zilizo kati ya mto Lualaba na maziwa makuu, yaani Maniema, Kivu na kaskazini ya Katanga, wako watu wengi ambao kwa muda wa karne nzima riziki yao imetegemea mawe ya aina mbili, meusi au ya rangi ya kahawia, na mazito kupita mawe mengine. Habari za bei ya mawe hayo, na za vita vilivyopiganwa kandokando ya machimbo, zimeandikwa sana. Habari ya namna yalivyozaliwa imeandikwa pia, lakini kwa Kifaransa na Kiingereza, tena katika majarida yasiyofika Kalima wala Walikale. Hasara yake si ndogo. Mchimbaji anayefuata mshipa ndani ya mlima huamua kila siku kama ataendelea kuchimba au ataacha. Uamuzi huo huweza kumgharimu mali yake yote, na mara nyingine uhai wake. Nao unategemea jambo ambalo wataalamu wenyewe wamelibishania miaka mingi, yaani madini yalitoka wapi, na kwa nini yalisimama pale yaliposimama.

Kwanza yafaa kutenganisha majina. Neno bati katika Kiswahili limebeba mizigo miwili. Bati la kuezekea nyumba ni chuma kilichopakwa zinki, na kwa kawaida hakuna bati la kweli ndani yake. Bati la kweli ni metali nyeupe, laini, inayoyeyuka kwenye nyuzi 232 tu za Selsiasi, ndiyo sababu mafundi wa redio huitumia kuungia nyaya, na viwanda huipaka ndani ya makopo ya chakula ili chuma kisipate kutu. Jiwe linalolizaa huitwa kasiteriti. Ni bati lililoungana na oksijeni, na katika kilo 100 za kasiteriti safi mna zaidi ya kilo 78 za bati. Jiwe la pili ni wolframiti, ambamo wolframu imeungana na oksijeni pamoja na chuma na manganizi. Wolframu ina jina la pili, tungsteni, lililotoka Sweden, na maana yake katika lugha ya huko ni “jiwe zito” tu. Ndugu wawili wa Hispania, Juan José na Fausto Elhuyar, waliitenga metali yenyewe mwaka 1783. Hakuna metali nyingine inayostahimili moto kama hiyo, kwani huyeyuka kwenye nyuzi 3,422. Ikiungana na kaboni hupata ugumu wa kutobolea miamba, na kwa namna hiyo jiwe la Maniema hurudi migodini likiwa ncha ya kekee.

Mawe haya mawili ni ndugu, lakini si mapacha. Mara nyingi hukutwa katika mlima mmoja, hata katika mshipa mmoja, kisha mahali pengine moja likawepo na la pili likakosekana kabisa. Kuueleza undugu huo na utengano huo ndiyo kazi kubwa ya jiolojia yake.

Jambo la kwanza la kushangaza ni uchache. Katika tani moja ya mwamba wa kawaida wa gamba la dunia mna kiasi cha gramu 2 za bati, na wolframu gramu 1 hivi. Ili mgodi ulipe gharama zake, maumbile yenyewe sharti yawe yamekusanya bati hilo mara elfu mbili au tatu. Huko Bisie, katika wilaya ya Walikale, mwamba unaochimbwa una karibu asilimia 4 ya bati, yaani gramu 40,000 katika tani moja, na huo ni mkusanyo wa mara elfu ishirini. Migodi mingi ya bati duniani haifiki hata asilimia 1. Nguvu gani ilikusanya vitu vilivyotawanyika hivyo?

Jibu linaanzia chini sana, kilomita nyingi chini ya ardhi. Zamani za kale palikuwa na bahari ambamo mito ilimwaga mchanga na matope. Matabaka hayo yalizikwa, yakakandamizwa, yakawa miamba. Na dunia ilipobana nchi hizi, sehemu za chini za miamba hiyo zilipata joto hata zikaanza kuyeyuka. Uji uliopatikana, kwa kuwa ni mwepesi kuliko mwamba ulio kando yake, ulipanda juu, ukapoa polepole kabla ya kufika usoni pa nchi. Mwamba uliozaliwa hivyo ndio itale, au graniti kama wasemavyo watu wa migodini.

Si kila itale inaleta bati. Itale iliyotokana na matope ya zamani yenye kaboni haina oksijeni ya ziada, na katika hali hiyo bati halipati nafasi ya kuingia ndani ya fuwele za kawaida za mwamba. Fuwele za feldispa na kwarzi zinapoanza kuganda, bati hukataliwa na kubaki katika uji. Mwenye kupika mafuta ya mawese analijua jambo hili kwa macho: yakipoa, sehemu nzito huganda chini ikiwa imepauka, na wekundu wote hukimbilia katika kimiminika kinachobaki juu. Ndivyo ilivyo kwa uji wa itale. Kila sehemu inayoganda huiachia sehemu inayobaki bati zaidi, wolframu zaidi, pamoja na maji, florini, boroni na lithi. Kama badala yake uji una oksijeni nyingi, bati hubadili tabia yake, huingia katika fuwele za mwanzo na kutawanyika ndani ya mwamba wote, na mlima huo hautampa mchimbaji chochote. Mjapani Shunso Ishihara ndiye aliyeonyesha mwaka 1977 kwamba itale za dunia zagawanyika katika jamaa mbili kwa kigezo hicho, na kwamba bati hufuata jamaa moja tu.

Mabaki ya mwisho ya uji hukusanyika katika vilele vya itale, mfano wa mvuke chini ya kifuniko cha chungu. Kuanzia hapo njia ni mbili. Njia ya kwanza ni uji wenyewe kupasua miamba ya juu na kuganda humo ukiwa pegmatiti, mwamba wa fuwele kubwa sana. Manono, katika jimbo ambalo tangu mwaka 2015 laitwa Tanganyika, ina mojawapo ya pegmatiti kubwa kuliko zote zijulikanazo. Sehemu zake mbili, Manono na Kitotolo, zimepangana kwa zaidi ya kilomita 10, na upana wake wafika mahali pengine mita mamia kadhaa. Kampuni ya Géomines, iliyoundwa mwaka 1910, ilichimba huko tangu mwaka 1919, ikajenga bwawa la umeme la Piana-Mwanga juu ya mto Luvua, na hadi miaka ya 1980 zaidi ya tani 100,000 za kasiteriti zilikuwa zimetolewa. Kampuni ilitafuta sehemu iliyolainishwa na mvua za milenia nyingi, kwa sababu kuichimba ni rahisi. Humo lithi ilikuwa imekwisha kuoshwa na maji, na jiwe lake, spodumeni, limegeuka udongo mweupe. Chini ya hapo, katika mwamba mgumu ulioachwa, lithi bado imo, na ndiyo inayogombaniwa leo na makampuni mbele ya mahakama. Madini yale yale ya mwisho ya uji wa itale, ila soko limebadili upendeleo wake.

Njia ya pili ni ya maji. Itale inapomaliza kuganda huyatema maji yake, nayo yakiwa moto na yenye chumvi hupenya katika nyufa. Maji hayo hula kuta anazopita, hugeuza feldispa kuwa ulanga na kwarzi, na huacha nyuma mwamba wa kijivu unaometameta ambao wanajiolojia huuita graizeni. Yakifika katika nyufa pana zaidi huweka kwarzi nyeupe, na ndani ya kwarzi hiyo, au mara nyingi kwenye ukingo wake mahali ulanga ulipo, huweka kasiteriti na wolframiti. Hiyo ndiyo mishipa ya Kalima, ambako kampuni ya Symétain ilianza kazi katika miaka ya 1930.

Mjiolojia Nicolas Varlamoff, aliyeandika juu ya machimbo ya Kalima mwaka 1948 na aliyeendelea kutafiti Afrika ya Kati hadi miaka ya 1970, alitambua kwamba vitu hivi vyote vimepangwa kwa utaratibu kuzunguka itale. Karibu na itale mna pegmatiti za kawaida zisizo na thamani kubwa. Mbele kidogo zinakuja zenye turmalini na ulanga mweupe. Kisha zenye berili. Halafu zile zilizojaa lithi, koltani na kasiteriti. Na mbali zaidi ni mishipa ya kwarzi. Utaratibu huo hauonekani kila mahali bila kasoro, kwa maana mmomonyoko umekata nchi hapa juu na pale chini. Hata hivyo, katika kazi zote zilizofanywa kabla ya vyombo vya kisasa, hiyo labda ndiyo iliyowasaidia zaidi wale waliokuja baadaye, kwa sababu humwezesha mtu aliyekutana na turmalini nyingi kujua kwamba yuko mahali gani pa njia.

Habari ya wolframu ilileta ubishi mrefu. Huko Rwanda, Nyakabingo na Gifurwe, wolframu imo katika miamba myeusi ya tabakatabaka, iliyo na kaboni nyingi, wakati bati la Rutongo limo hasa katika miamba migumu ya mchanga uliogandamana. De Magnée na Aderca walieleza mwaka 1960 kwamba machimbo ya wolframu ya Rwanda yamejipanga kama mkanda. Basi baadhi ya wataalamu wakasema: wolframu haikutoka katika itale, ilitua chini ya bahari pamoja na matope meusi, na baadaye joto likaisogeza kidogo tu hadi katika nyufa za karibu. Wengine wakasema: la, wolframu na bati ni watoto wa itale moja, na miamba myeusi ni mtego uliowanasa.

Huo si ubishi wa vitabuni tu. Kama wolframu ilitua baharini, mtafutaji inampasa kufuata tabaka jeusi kilomita baada ya kilomita, hata kama hakuna itale mahali popote. Kama ilitoka katika itale, kulifuata tabaka jeusi mbali na itale ni kupoteza miaka na fedha.

Ushahidi uliotiwa maanani zaidi ulitoka katika vitu vidogo kuliko unene wa unywele. Fuwele ya kwarzi inapokua katika mshipa hufungia ndani yake vitone vya maji yale yale yaliyoizaa. Mtafiti hukata kipande chembamba kinachopitisha mwanga, hukiweka chini ya darubini, kisha hukipasha moto taratibu. Ndani ya kila kitone mna kipovu cha gesi. Joto linapofikia kiwango fulani kipovu hutoweka, na kiwango hicho huonyesha kwamba maji yalikuwa na moto usiopungua hapo siku yalipofungwa. Kitone hicho kikigandishwa kwa baridi kali na kuachwa kiyeyuke tena, kiwango cha kuyeyuka kwake hueleza wingi wa chumvi. Walter Pohl na Günther walichapisha mwaka 1991 vipimo vya namna hiyo kwa mishipa ya bati, wolframu na dhahabu ya eneo hili. Vipimo vilivyofuata vilikubaliana kwamba bati na wolframu vilitua penye joto la nyuzi 300 hivi au zaidi, katika maji yenye chumvi ya wastani na gesi za kaboni, methani na naitrojeni. Wengi siku hizi huikubali itale kuwa chanzo, na miamba myeusi kuwa mtego. Sababu ya mtego yaeleweka: bati husafiri majini likiwa limeshikwa na klorini, na hutua maji yanapopata oksijeni, yanapopoa au ukali wa asidi yake unapopungua. Wolframu yahitaji zaidi ya hapo. Haiwezi kuwa wolframiti isipokutana na chuma au manganizi, na miamba myeusi ina chuma cha kutosha. Penye miamba ya chokaa, wolframu huungana na kalsi na kuwa sheeliti, jiwe jeupe ambalo mtu hulipita bila kulijua, lakini usiku chini ya taa ya mwanga usioonekana hung’aa kibuluu kama nyota.

Juu ya umri, maarifa yamebadilika sana. Zamani wanajiolojia walizihesabu itale za nchi hizi kwa daraja nne, wakidhani kwamba zilifuatana mmoja baada ya mwingine kwa muda mrefu, ya nne ikiwa ndiyo mama wa bati. Mwaka 2010 Luc Tack na wenzake walitoa vipimo vipya vya zirikoni, fuwele ndogo inayofungia urani ambayo hugeuka risasi kwa mwendo usiobadilika. Ilionekana kwamba daraja za mwanzo ni za wakati mmoja, yapata miaka milioni 1,375 iliyopita, na kwamba itale za bati zilikuja baadaye sana, yapata miaka milioni 986. Pegmatiti ya Manono ina karibu miaka milioni 940. Waandishi hao walipendekeza pia kwamba jina la Kibara, lililotokana na milima ya Katanga, libaki kwa ukanda wa kusini, na kwamba ukanda wa kaskazini, unaotoka Maniema na Kivu ukapita Rwanda na Burundi hadi Karagwe ya Tanzania na Ankole ya Uganda, uitwe Karagwe-Ankole. Vitabu vingi vya shule bado vina daraja nne.

Tangu kuzaliwa kwa mishipa hiyo, kilomita kadhaa za mwamba zimemomonyoka juu yake. Kasiteriti haiozi wala haiyeyuki mvuani, na uzito wake ni karibu mara 7 ya uzito wa maji. Kwa hiyo mito iliichukua mchanga mwepesi ikaenda nao, ikaiacha kasiteriti chini ya changarawe za mabonde, kwa kawaida kilomita chache tu kutoka mshipani. Wolframiti nayo ni nzito, lakini hupasuka kwa urahisi, hivyo haifiki mbali hata hivyo. Mwenye karai anayeosha mchanga akipanda mto anaweza kutumia tofauti hiyo: wolframu ikianza kuonekana pamoja na bati, mlima wenyewe u karibu. Sehemu kubwa ya utajiri wa kampuni za zamani ilitoka katika changarawe hizo. Symétain iliungana na nyingine mwaka 1976 kuwa Sominki. Bei ya bati ilipoporomoka baada ya Baraza la Kimataifa la Bati kushindwa kulipa madeni yake mwezi Oktoba 1985, kazi ya mitambo haikulipa tena, na machimbo yakabaki kwa watu wenye sururu na karai.

Watu hao wanazo njia zao za kutambua jiwe, na nyingi ni sahihi. Kasiteriti, wolframiti, koltani na turmalini zote zaweza kuwa nyeusi. Turmalini ni nyepesi, na mkono wenyewe huitambua. Nyingine husuguliwa juu ya kigae kisichong’arishwa, mathalani chini ya kikombe kilichovunjika: kasiteriti huacha alama iliyopauka, wolframiti huacha alama ya kahawia nyekundu au nyeusi. Penye shaka, punje hutiwa pamoja na kipande cha zinki katika asidi ya kloridriki. Kama ni kasiteriti, baada ya dakika chache huvaa ngozi ya kijivu ya bati. Kipimo hicho cha maabara ya zamani kina thamani kubwa kwa muuzaji, kwani bei za mawe hayo hazilingani, na mnunuzi mjuzi hufaidika na ujinga wa mwingine.

Maabara za leo zinapimia jambo jingine pia. Kasiteriti ya kila mlima ina chembe za tantali, niobi, titani na nyinginezo kwa kadiri yake. Taasisi ya jiolojia ya Ujerumani, BGR, imetengeneza njia ya kuzisoma chembe hizo kwa mionzi ya leza, punje moja moja, ili kulinganisha gunia na mlima unaotajwa kuwa asili yake. Jambo hilo lina uzito wa kisiasa, maana tangu sheria ya Marekani ya mwaka 2010 juu ya madini ya vita, gunia lisilo na asili inayojulikana hukosa soko la haki.

Bisie yenyewe ilianza kuchimbwa kwa mikono mwaka 2002, na kwa miaka mingi mzigo ulibebwa mgongoni msituni hadi barabara ya Kilambo, ambako ndege zilitua juu ya lami. Mgodi wa viwanda ulianza mwaka 2019. Huko kasiteriti haikuambatana hasa na kwarzi nyeupe, bali na mwamba wa kijani wenye kloriti nyingi, na mtu aliyezoea Kalima angeweza kuupita. Mchimbaji anayepoteza mshipa, basi, ana maswali ya kujiuliza kabla ya kutoboa zaidi. Kama ukuta umekatwa wazi, una mikwaruzo na unga laini, mwamba umeteleza, na mshipa uko upande mwingine wa mteremko. Mikwaruzo huonyesha mstari wa mteremko huo. Kama mshipa umekonda pole pole ulipotoka katika mwamba mgumu na kuingia katika mwamba laini wa tabakatabaka, ufa haukufunguka hapo, na kuufuata ndani ya mwamba huo laini, ambao ndio pia unaoporomoka upesi masika, kuna hatari nyingi na tumaini dogo; afadhali kutafuta mwamba mgumu unaofuata. Na kama kasiteriti imepungua wakati ulanga na graizeni vinaongezeka, mchimbaji amefika karibu na kilele cha itale. Ramani zilizochorwa na makampuni kwa kila mshipa wa namna hiyo, pamoja na ripoti na vipande vya miamba, nyingi zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Zimeandikwa kwa Kifaransa, na majina ya vijito yaliyomo ni yale yale ambayo watu wa Kalima wanayaita hadi leo.